Yaya Anataka Nirudi Uvira Kuchukua Séchoir ya Bei Kali

Jambo kwenu wote munaofuata ukurasa huu. Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana Baraka ni mji wa kujuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne. Sijaolewa, sina mtoto. Nimelelewa na dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya. Wazazi wetu waliuawa vita ilipofika kijijini kwetu, mimi nikiwa bado wa kubebwa. Yaya alinifunga mgongoni, akavuka nami ziwa mpaka kambini Tanzania. Tuliporudi akafungua saluni karibu na soko, na mimi nafanya kazi humo tangu vidole vyangu vilipoweza kushika kitana. Mshahara sina. Nakula, nalala, basi.

Shida ilianza na séchoir, ile mashine ya kukaushia nywele. Yetu ilikuwa ya bei ndogo, ya hapa sokoni. Ikiwaka kidogo tu inanuka kuungua, na siku moja ikamchoma sikio mke wa mwalimu. Yaya akamwambia, "Pole mama, huyu mutoto mikono yake ni ya kulima." Hakusema kwamba mashine imechoka.

Basi ikatangazwa harusi ya binti wa tajiri mmoja mwenye mitumbwi ya injini, na wasichana wote wa harusi wangetengenezwa kwetu. Sokoni kulikuwa na séchoir nyingine kama ile ile ya zamani. Uvira kulikuwa na ile ya nguvu, bei yake mara tatu. Nikamwambia, "Yaya, tuchukue hii ya hapa. Barabara ni mbaya, watu wanapigwa kwa barrière za wenye bunduki."

Akajibu, "Na sisi tubakie saluni ya bamama ba mihogo? Ile ya bei kali inakausha mbio, mafuta ya jenereta haiishe. Utaenda we. Mi niko na batoto. We ukikufa, nani atalia?"

Alisema hivyo huku akimsuka mteja, wala hakuinua macho.

Nikaenda. Sitawadanganya, mashine ilikuwa nzuri. Mwenye duka aliiwasha, upepo wake ulikuwa mwingi na haukuchoma ngozi. Nilifurahi hata nikasahau alichoniambia. Niliibeba mapajani njia nzima, nyuma ya motari, yaani kijana wa pikipiki aliyenileta.

Tulikuwa tumepita Mboko wakati wenye bunduki walitoka majanini. Sijui walikuwa wa kundi gani, siku hizi hatuulizi. Wakafungua karatoni ya mashine. Mmoja akaishika kama bastola, akamwekea motari kwenye paji la uso, akafanya "pa!" kwa mdomo. Wenzake wakacheka. Mkubwa wao akauliza, "Hii inafanya nini?"

"Inakausha nywele, papa."

"Basi nikaushe."

"Bila courant, bila umeme, haiwake, papa."

"We ndiye courant. Puliza na kinywa."

Akavua kofia, akakaa juu ya jiwe. Nikapiga magoti nyuma yake, mashine mkononi, nikapuliza kichwa chake. Kila nilipokata ili nivute pumzi, mwingine alinichapa mgongoni kwa waya wa mashine yenyewe. Nilipuliza mpaka macho yakaona giza. Nilipoanguka, mkubwa akaichukua mashine akanipiga nayo sikioni, akasema ataipelekea mke wake. Pesa ya motari na simu yangu pia vilienda.

Motari alinifikisha Lweba, kwa mama mmoja mjane ambaye hatukumjua. Alinikanda kwa maji ya chumvi, akanipa samaki na bugali, hakuniuliza neno mpaka nilipomaliza kula. Yeye anasuka nywele mbele ya nyumba yake, kwa vidole tu. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, ukichoka kule, kuja. Nafasi iko."

Nilipofika Baraka na motari, Yaya alikuwa mlangoni na wateja. Damu ilikuwa imekauka kwenye nguo yangu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Iko wapi?"

Nikaeleza. Motari naye akaeleza. Yaya akamtazama, akanitazama, akasema, "Mumeiuza nyinyi wawili. Haya, tuonyeshe vile ulipuliza."

Nilidhani ni hasira tu. Akavuta kiti, akakaa, akanigeuzia kichwa chake mbele ya bamama wote. "Puliza tuone."

Nilipuliza. Walicheka, hata mke wa mwalimu. Sasa watoto wa jirani wakiniona wanavimbisha mashavu. Sikio la kushoto linalia kama nyenje, na mtu akisemea upande huo simsikii.

Juzi Yaya alikuja kitandani na maji moto. Akanisafisha sikio polepole, akaniwekea dawa, akanifunika kitenge chake mwenyewe. Nilianza kulia, maana hajanigusa hivyo tangu tukiwa kambini. Akanipangusa machozi, akasema, "Pona mbio. Nimepata pesa ingine. Siku ya tatu utaenda kuchukua ile ingine, harusi imekaribia."

Nipeni akili, ndugu zangu. Nikimbilie Lweba kwa yule mama, na Yaya huyu ndiye aliyenivusha ziwa mgongoni nisife? Kila nikikataa ananikumbusha mgongo wake. Au nipande tena pikipiki?

Na ninyi wenye saluni, nawaomba kitu kimoja. Yaya hasomi habari ndefu, anasoma komenti tu, na mimi nitamwonyesha zenu. Andikeni kwamba séchoir ya bei ndogo inatosha. Mimi nimeishika ile ya Uvira, najua haitoshi. Andikeni hivyo hivyo.