Sauti Bila Picha

Mtaani walimwita Bi Redio, kwa sababu akimwita paka wake mtaa mzima huitika. Kazi yake ilikuwa kutia sauti. Filamu inakuja na watu wanaosema lugha yao, na yeye na mumewe wanakaa bega kwa bega mbele ya kipaza sauti kimoja, wanawasemea kwa Kiswahili. Kila mara walipewa nafasi za mke na mume. Wakigombana ndani ya filamu, mzee alifika nyumbani akiomba radhi, asije akalala na njaa.

Tamthilia yao ya mwisho mzee hakuimaliza. Alifariki zikiwa zimebaki sehemu mbili, na Bi Redio akazimalizia peke yake, akimjibu mtu asiyekuwepo. Nyumbani hakuwa na rekodi yake hata moja. Nani humrekodi mtu anayeongea kutwa nzima? Kwa hiyo aliposikia tamthilia imetoka, alitaka kitu kimoja tu: kumsikia mumewe.

Ilikuwa imetoka kwenye programu ya simu, na simu yake ikaikataa. Akaenda kwa fundi simu.

"Simu yangu mbovu?"

"Si mbovu, mama. Ni hizi za mfumo wa wazi. Kila kiwanda kinaunda ya kwake na kuifunga kinavyojua. Wenye filamu wanaogopa kuibiwa, wanasubiri zipate kufuli wanaloliamini. Zile za bei mbaya zinatoka kiwanda kimoja, hizo wameshazikubali."

"Watasubiri mpaka lini?"

"Wanasema karibuni."

Hiyo karibuni! Aliyeibuni hajawahi kusubiri kitu. Kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Redio alijaribu tena kuiingiza programu, na kila asubuhi akaambiwa simu yake haijatimiza masharti ya usalama, yeye ambaye hajaiba hata kijiko. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke kiasi cha kubishana na mtangazaji wa hali ya hewa.

Fundi akamwonea huruma. "Kaa hapa uangalie kwenye yangu, ni ya zile za bei mbaya."

"Nilie mbele ya wateja wako? Thubutu!"

Basi fundi akaicheza tamthilia kwenye simu yake, akaiamuru simu hiyo hiyo irekodi kioo chake, akamtumia, halafu akamwita kumtaka radhi. "Mama, kufuli limefanya kazi. Picha ni nyeusi tupu. Imebaki sauti."

"Picha ya nini, mwanangu?" alisema, na karibu ambusu.

Alifunga mlango wa nyumba, akakaa kwenye kiti cha mzee, akabonyeza. Muziki. Mlango ukalia. Mume akaingia, akamsalimia mkewe.

Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya kijana fulani, nzuri, haina mkwaruzo. Akapeleka mbele, akapeleka tena mbele. Yule yule. Zile sehemu mbili za mwisho alikuwa amesemea kijana huyo, na wenye filamu hawakutaka mume mmoja awe na sauti mbili, wakamfuta mzee toka mwanzo na kumweka mwingine. Hakuna aliyejisumbua kumwambia mjane.

Akaiacha iendelee. Yule kijana akatania kuhusu chumvi, na mke akacheka. Kicheko kile kilikuwa chake mwenyewe, na Bi Redio alikikumbuka: mzee alikuwa amemfinya kiunoni katikati ya kazi, na mwongozaji akasema kiachwe hivyo hivyo. Walikuwa wamekiacha. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mapenzi, na alikuwa akimchekea mtu asiyemjua.