Daftari Lilisema Alikuwa Kazini

Dereva alizunguka mtaa wa Abu Hamour mara tatu, majengo yote rangi moja ya mchanga, hadi mwanamke mwenye sare ya ulinzi akatupungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulining'inia tu, vidole vimejikunja.

Huyo ndiye Mumbua, mlinzi wa hoteli niliyofikia mtaa wa West Bay. Jana alinisikia nikiongea Kiarabu mapokezi, akaniomba nije nimsomee barua ya wakili wake.

"Ingia polepole," alisema mlangoni pa chumba chao. "Scovia ametoka shifti." Kwenye kitanda cha juu nikaona mgongo wa Mganda huyo, mwenzake wa chumba na wa kazi.

Akinimiminia chai, Mumbua alinieleza. Mwaka jana alipasuliwa uvimbe wa kiganja katika kliniki moja ya binafsi, daktari akakata mshipa wa fahamu. Miezi mitatu hakuweza kufunga hata kifungo. Akaishtaki kliniki, na katika maelezo yake akaapa kwamba miezi hiyo hakufanya kazi hata siku moja.

Nikafungua barua. Kliniki ilikuwa imepeleka mahakamani daftari la mahudhurio la kampuni ya ulinzi. Zamu zote za miezi ile mitatu zilikuwa na saini ya Mumbua. Sasa wanataka ashtakiwe kwa kuidanganya mahakama. Anaweza kufungwa.

"Lakini sikudanganya! Nilikuwa hapa hapa, kwa hiki kitanda, nikilishwa kama mtoto."

"Na saini?"

Akaelekeza kidevu kitanda cha juu.

Walinzi ndivyo wanavyobebana. Mmoja akiugua, mwenzake humaliza shifti yake, kisha husimama ya mgonjwa na kutia saini kwa jina lake. Msimamizi huhesabu sare, haangalii sura. Bila hivyo Mumbua angerudishwa Kenya kidonda hakijakauka. Scovia alisimama saa kumi na sita kwa siku.

"Basi aende aeleze," nilisema.

"Aeleze nini? Kwamba alighushi? Kaka, lugha zote hizo unajua na hilo hulioni? Ni jela, halafu ndege."

Wakili aliandika kwamba imebaki njia moja. Kabla ya saa sita mchana leo, Mumbua afute kesi na akiri kwa maandishi kwamba maelezo yake hayakuwa ya kweli. Kliniki nayo itayaacha hapo.

"Yaani nikiuita ukweli wangu uongo, ndio wananiachilia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hebu soma tena."

Nikasoma tena. Akasonya, akapiga meza kwa mkono mzima, chai ikamwagika.

"Nyie, mnagombana na nani?" Scovia aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Na wewe, unakoroma kama jenereta. Lala!"

Scovia akacheka kidogo, akalala.

Mumbua alihangaika na kifungo cha juu cha sare. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akausukuma. Mwishowe akakiacha wazi, akabana barua kwapani.

"Maliza chai. Naenda kwa wakili kutia saini. Scovia akiamka, mwambie nimeenda dukani kuchukua unga."

"Na akiuliza kesi?"

"Mwambie inaendelea vizuri."

Akatoka, akauvuta mlango taratibu usipige kelele. Nikakaa pale na chai iliyopoa, juu yangu Scovia akikoroma.