Namba Inayobaki Tano

Hesabu ya tisa naichukia mpaka leo. Baba, muuza vyombo wa jumla hapa Kariakoo, alikuwa haamini namba yoyote mpaka aivunje. Ukimpa 583,746 anajumlisha tarakimu zake, anapata thelathini na tatu. Anajumlisha tena, anapata sita. Ndicho kinachobaki ukiigawa namba nzima kwa tisa. Aliyeinakili naye lazima apate sita. Asipopata, baba anacheka: "Njia ya mwongo ni fupi!" Majirani wa dukani walimtania kwamba hata sala zake anazihakiki.

Mama alipolazwa, hajitambui, nesi alitaka namba ya kupiga pindi akizinduka. Baba akaandika ya kwake, ambayo kusema kweli hakuwa akiijua vizuri. Nani hujipigia? Alichokuwa na uhakika nacho ni kwamba inabaki tano. Akajumlisha palepale mezani pa nesi, ikabaki tano. "Imekubali," akasema, tukarudi zetu.

Kesho yake simu ilishinda juu ya kaunta, mbele yake. Jirani alipofungulia spika ya matangazo, baba alimfokea mpaka nikaona aibu. Chakula hakugusa. Alitaka kitu kimoja tu: mama akifumbua macho, amkute yeye. Nilimwambia twende tukakae hata getini. Akakataa, eti watapiga, namba wanayo.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, tulikuta kitanda kimetanduliwa, godoro tupu. Nesi alitutazama kwa hasira.

"Tangu asubuhi tunapiga! Anapokea mtu, anasema tumekosea namba."

Akatuonyesha karatasi. Mwishoni palikuwa na 47. Namba ya baba inaishia na 74.

Baba hakulia. Alianza kujumlisha kwa sauti, kidole juu ya karatasi, tarakimu moja moja hadi ya mwisho.

"Mbona inakubali?" akaniuliza. "Si hii hapa, tano?"

Uchungu ulinipanda, nikashindwa kunyamaza. "Nne na saba, saba na nne, jumla si ileile, baba? Ukizipindua, namba zinapishana ishirini na saba, yaani tisa mara tatu. Tarakimu zozote mbili ukizibadilisha nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. Kosa hilo hesabu yako hailioni. Haijawahi kuliona!"

Alielewa upesi, jamani, maana namba alikuwa anazijua. Akanywea, akaketi kwenye benchi. Nilitamani angebisha.

Kisha akamuuliza nesi kama mama aliulizia mtu kabla hajakata roho.

"Alikuulizia wewe, mzee," nesi akasema. Hasira ilikuwa imemwisha. "Nikamwambia uko njiani. Akaniomba nimfunge kitambaa vizuri kichwani, mume wake anakuja."