Fizi za Mchoma Nyama wa Kikopey

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla makaa hayajashika, Immaculate Adero anasimama nyuma ya bucha moja ya Kikopey, kituo cha nyama choma kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, mswaki mdomoni. Anasugua taratibu pembezoni mwa fizi, anatema juu ya jivu, kisha anainama kuangalia.

"Leo hakuna damu," anasema, na kuutia mswaki mfukoni mwa aproni. Wenzake wanamcheka. Waache wacheke.

Katika bucha hii, mchomaji hukata kipande cha kwanza na kukitafuna mbele ya mteja. Akikwepa, nyama inashukiwa. Adero, mwenye umri wa miaka 46, alijijengea jina kwa kipande hicho.

Mwaka jana fizi zilianza kuvuja damu. Akalaumu mifupa anayoitafuna, kisha akafanya kosa ambalo hadi leo linamkera.

"Niliacha kupiga mswaki. Nikasema wacha fizi zipumzike, zitapona. Damu nilikuwa nameza na supu ndio wateja wasione," anasema. "Kumbe najimaliza!"

Wakati huohuo, ugonjwa wa kisukari aliokuwa nao ulikataa kutulia. Alimeza dawa bila kukosa, akaacha soda, akapunguza ugali. Kidonda alichokuwa nacho mguuni hakikufunga. Anasimama motoni kutwa nzima. Akipoteza mguu, kazi imekwisha. Nani asingeogopa?

Siku moja jino lilibaki kwenye kipande, mteja akitazama. Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka kliniki ya meno mjini Nakuru, kwa Dkt Waithera.

"Mathe, hizi fizi ni kidonda kingine, ni vile tu hukioni," daktari alimwambia. "Mwili unapigana nacho kila saa, na hiyo vita haibaki kwa mdomo. Inaenda na damu mwili mzima, sukari inakataa kushuka."

Alisafishwa hadi chini ya fizi, akarudia mswaki. Kipimo chake cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimeshuka kutoka asilimia 9.4 hadi 8.6, lengo ni saba. Dawa bado anameza, maana mswaki hauchukui nafasi yake. Kidonda kimeanza kufunga.

Saa nne, mbavu zimeiva. Kipchirchir, dereva wa lori la viazi kutoka Mau Narok, anangoja kando ya ubao.

"Mathe, leo hauonji?"

Adero anakata kipande laini, anatafuna polepole upande wa kulia, anameza. Kipchirchir anavuta kiti.

"Krismasi nitatafuna nyama ya mfupa," Adero anamwambia, "na utanipata hapa hapa, nimesimama kwa miguu yangu yote miwili."