Stori Iliyomtoa Mtamba Zizini

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya kijiji wilayani Meatu, akaingia bibi mmoja kudai mtamba wake aliyekamatwa akizurura na kufungiwa kwenye zizi la kijiji.

"Mayu, mama yangu, nataka ushahidi, siyo stori," mtendaji wa kijiji alimwambia, akimwonyesha mlango kwa kidole.

Bibi akaketi, akaweka kanga yake vizuri magotini. "Karatasi sina, baba. Nina stori tu. Akiwa ndama, fisi alimrarua paja la kushoto, chini ya mkia. Nilimshona mwenyewe kwa uzi wa gunia."

Mtendaji akaenda zizini akicheka. Alirudi, akavua kofia.

"Kovu lipo, mayu. Mchukue."

Kumbe stori huwa ni uongo mpaka mtu ainue mkia. Baada ya hapo tunaiita ushahidi.