Kituo Kinachoitwa Kwa Mikono

Mwezi uliopita nilirudi Bujumbura. Kijana wa pikipiki aliyenibeba kuelekea Ngagara akaniuliza nashukia wapi, nami nikajibu bila kufikiri: "Kwa Mikono." Akanifikisha bila kukosea kona hata moja. Nikamuuliza ni mikono ya nani. Akacheka. "Eh, mama! Iyo ni jina tu. Mi nimezaliwa nikaikuta."

Basi keti kidogo nikueleze, maana hata wewe ukifika pale leo utaona lami pana na mtaro tu.

Zamani palisimama jiwe. Tuliliita jiwe, ingawa lilikuwa nguzo fupi ya saruji, kimo changu nilipokuwa na miaka minane, kando ya barabara iendayo Mutakura. Mbele yake bamba la alumini lilieleza kwa Kifaransa kwamba mtaa ulifunguliwa na mkubwa fulani wa wakoloni. Wapita njia walisoma upande huo. Sisi watoto upande wetu ulikuwa wa nyuma, wenye alama za viganja vinne, vilivyokandamizwa saruji ikiwa bado mbichi. Wajenzi wanne walivitia siku kazi ilipokwisha, mkubwa akiwa ameshapanda gari lake.

Kimoja kilikuwa cha jirani yetu, fundi mwashi, mzee tayari wakati huo. Yeye ndiye aliyetufundisha kuvisoma. Hiki chenye gumba lililopinda ni cha aliyechota mchanga wa mto Ntahangwa. Hiki kipana ni cha mchoma matofali. Hiki chembamba ni cha yule aliyepanga mawe akiimba, mpaka wenzake wakasahau jua. "Ile bamba inasema nani alikata kamba," fundi alizoea kutuambia. "Huku nyuma inasema nani alijenga."

Bibi yangu aliuza ndagala, dagaa wa Tanganyika, hapo hapo, wametandazwa juu ya gunia, na harufu yao ya ziwa na chumvi mpaka leo ndiyo harufu ya Jumapili kwangu. Tukitoka kanisani nilikimbia kuweka mkono wangu ndani ya kiganja cha fundi nione nimekua kiasi gani. Ulielea humo kama punje ya maharage ndani ya bakuli.

Kisha vita vikaingia mjini. Majirani walianza kusalimiana kwa kifupi, halafu kwa macho tu. Asubuhi moja fundi alitoka na mkeka, sufuria na pima maji yake ya kunyooshea kuta, anavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Bibi akamfungia ndagala kwenye gazeti. Fundi akaniinamia.

"Weye mutoto, unichungie mukono yangu. Nikirudi nikaiona, njo nitajua nimefika."

"Mukono yako si unaenda nayo?" bibi akamchokoza. "Haya, iyo ya jiwe haikulagi chakula, tutaichunga."

Nikaahidi, na niliichukulia ahadi ile kama mtoto anavyochukulia ahadi, yaani kwa uzito wote. Mtu alipong'oa lile bamba akalipeleka kuyeyushwa liwe masufuria, sikujali. Viganja vilikuwepo.

Sasa nikueleze desturi moja ya kwetu. Kila kiangazi, kabla ya sikukuu ya uhuru, kila nyumba hupaka chokaa mawe ya barabara na mashina ya miti yaliyo mbele yake. Hata miaka ile mibaya tulipaka. Bibi alikoroga chokaa ndooni, akatia chumvi ili ishike, nami nikachukua burashi ya makonge. Jiwe lilikuwa langu. Wengine walipaka mara moja tu. Mimi upande wa nyuma niliupaka mara tatu kila mwaka, kwa mapenzi, ili fundi akirudi aukute unang'aa. Kupima mkono nilikuwa nimeacha, kwa kuwa nilikuwa msichana mkubwa na niliona haya.

Alirudi bunduki zilipoanza kunyamaza. Nilikuwa sekondari. Alikuja na pima maji ile ile, hakupita hata kwake, akazunguka nyuma ya jiwe. Lilikuwa jeupe na laini kama yai. Akalipapasa juu mpaka chini.

"Iko wapi?"

Bibi akajibu kutoka kwenye gunia lake: "Uliza uyo mutoto wako. Amekuchunga mpaka amekuzika."

Nikaanza kulia. Fundi akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaomba kijiko. Akakwangua polepole, na chokaa ikaanza kutoka tabaka kwa tabaka, kila matabaka matatu mwaka mmoja wa kutokuwepo kwake. Akawa anaisoma. "Hapa nilikuwa mugonjwa. Hapa nilijenga kanisa kule. Hapa nilifikiri siwezi rudi." Mwishoni kiganja kikatokea, mistari yake mikali kuliko zamani, kwa sababu chokaa ilikikinga na mvua. Akaweka mkono wake humo. Haukulala vizuri; vidole vilikuwa vimepinda kwa uzee.

"Njo nimefika," akasema.

Kwa furaha nilichukua kijiko niendelee na vile vitatu. Akanishika mkono.

"Apana, mwanangu. Abo hawatarudi. Uwaache walale mu nguo yao nyeupe."

Bibi akageuza ndagala ambao alikuwa ameshawageuza.

Barabara ilipopanuliwa jiwe lilibebwa, sijui wapi. Fundi hayupo, bibi hayupo, na harufu ya ndagala pale imemezwa na moshi wa magari. Limebaki jina, linatamkwa kutwa nzima na watu wenye haraka.

Haya yote nilimsimulia yule kijana, naye akazima injini asikie.

"Na zile tatu," akauliza, "zilibaki mu chokaa?"

"Zilibaki."

Akatazama pale nilipomwonyesha kuwa jiwe lilisimama. Kisha akasukuma pikipiki yake kwa miguu, akapazunguka, na alipofika mbali kidogo ndipo akawasha.