Nilivyompokonya Dada Yangu Nyumba kwa Ulimi

Kosa ni langu, wala msinisaidie kutafuta wa kugawana naye. Dada yangu Somoe alikosa nyumba kwa sababu yangu mimi, mdogo wake, msomi wa ukoo.

Nilikuwa mkalimani wa bwana shauri, Mwingereza wa wilaya, pale Nachingwea, zama zile ardhi yetu ilipotakiwa kwa mashamba makubwa ya karanga. Soksi nyeupe hadi magotini, kalamu mfukoni hata isiyo na wino. Serikali iliwaahidi waliohamishwa kutoka upande wa Mkotokuyana nyumba za bati kule Ruponda. Ikibomolewa nyumba, mwenyewe apewe nyingine.

Tukapita na bwana shauri kuandika nyumba na wenyewe, tukafika kwa Somoe. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Anajenga, lakini nyumba ni ya mke na watu wa mama yake. Wakiachana, mume hubeba shoka lake na mkeka akarudi kwao. Mume wa Somoe, shemeji Issa, kwao kulikuwa Ruangwa.

"Nyumba hii ya nani?" nikauliza kwa niaba ya bwana shauri.

"Unaniuliza mimi? Si umekula ugali humu jana?" akasema Somoe. "Mwambie ni yangu. Huyu shemeji yako kaja kuoa tu."

Issa akacheka. "Kweli bwana, mimi changu hapa shoka."

Bwana shauri akanitazama, akisubiri. Niliona haya. Niliogopa atatucheka, kwamba wanaume wa kwetu ni wageni katika nyumba wanazolala. Nikasema, kwa Kiingereza kizuri mno, kwamba nyumba ni ya mume.

Ndivyo Issa alivyokabidhiwa nyumba ya Ruponda. Somoe hata hakushtuka. "Shika wewe huo ufunguo," alimwambia mumewe, "mimi mikono ina unga." Alijua nyumba ni yake, ufunguo akauona chuma tu.

Baadaye wakaachana. Somoe akangoja Issa abebe shoka lake. Issa hakubeba. Alileta mke mwingine, na Somoe akatoka na wanawe.

Akaja ofisini. "Mdogo wangu, wewe ndiye mjomba wa wanangu. Ingia ukawaambie nilichosema siku ile."

Niliingia. Alikuwa bwana shauri yuleyule, naye alikwishanipendekeza niende chuo kikuu. Akauliza kama tafsiri yangu ilikuwa na kosa. Nikajibu haikuwa nalo. Basi, akasema, nyumba ni ya mume. Mwanamke aliyeachwa hana fungu katika nyumba hizi, arudi kwao.

Kwao! Kwao palikwishapitiwa na matingatinga, na karanga zenyewe zikakataa kustawi.

Nikatoka. "Wamekataa," nikamwambia.

"Wamekataa wao, au umekataa wewe?"

Nikavua miwani nikaifuta. Macho yangu hayakuwa na ubovu wowote. Niliivaa nifanane na wasomi.

Nikaenda chuo kikuu. Huko, ndugu zangu, nilisoma falsafa ya haki, na nikafaulu vizuri sana.

Somoe alifia Marambo, katika kibanda cha kuazima. Tulipotoka kuzika, watu wakaniuliza mimi, ndugu yake wa kiume: matanga yakae wapi? Kibanda hakikutosha hata akina mama peke yao. Hapo akanisogelea Issa, akasema kwa upole, na naamini kwa nia njema:

"Shemeji, waleteni watu kwangu Ruponda. Nafasi ipo."

Nikamshukuru. Tukaenda kumlilia Somoe nyumbani kwake, kwa ruhusa ya mtu.

Sasa nimepewa nyumba ya serikali, nzuri, na ninaishi peke yangu. Kila nikirudi kutoka kazini hubisha hodi kabla ya kufungua. Najua hamna mtu. Nabisha, nasimama, nasikiliza. Ziko jioni ninazokaa nje muda mrefu, ufunguo mkononi, kwa kuwa sijasikia mtu akinijibu "karibu".

Nyinyi vijana mnaokwenda kuwasemea wazee wenu maofisini, neno la mtu lifikisheni lilivyo, hata likiwafedhehesha. Aibu ya kuchekwa na bwana shauri ingekwisha jioni ileile. Hii niliyoichagua imehamia ndani, na mimi ndiye ninayebisha.